Jinsi ya Kupima Mchezo wa Shujaa Kabla Hujaulipia

Michezo ya mpira kwenye PlayStation hainipi shida. Diski mpya ikitoka kila mtu anaijua tayari, mechi ikiisha aliyefungwa analipa na kumpisha mwingine. Inayomsumbua mtu mwenye chumba cha pleyi kama mimi, ambako vijana hulipa kucheza, hapa Katuba, Lubumbashi, ni michezo ya mashujaa wenye nguvu za ajabu. Vijana wanaona jalada lenye mtu wa kapa, lile joho la mgongoni, na kifua kipana, wananidai, naitafuta mjini mpaka naipata, wanaicheza nusu saa na kurudi kwenye mpira. Na pembeni iko diski ya zamani, picha zake zimepitwa na wakati, ambayo mpaka leo wanaigombania.

Kwangu mpira unalipiwa kwa mechi, mingine yote kwa nusu saa. Kwa hiyo najua upesi nani anaongeza pesa na nani anainuka. Nakaa nyuma ya migongo yao nikiangalia mikono, na usiku nikishafunga mlango nacheza mwenyewe. Nilichokiona ni hiki: mchezo wa shujaa unaridhisha ukikupa raha ya nguvu zake kabla hujapewa kazi yoyote, kisha ukakunyima kitu. Nguvu iwe mkononi, na iwe na bei. Ukitaka kununua, omba rafiki mwenye diski akuachie maneti, kile kidude cha vitufe, jioni moja, au nenda kwa muuzaji wa diski za mitumba anayekubali ujaribu, na ufuate haya.

Kataa misheni

Vumilia mafunzo ya mwanzo. Mchezo ukishakuachia mji, usifuate alama inayowaka kwenye ramani. Sisi wa Lubumbashi bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, tunaliona kutoka mbali na kujua tuelekee wapi. Tafuta jengo la namna hiyo ndani ya mchezo, refu, upande wa pili wa mji, na uende huko bila sababu. Ukifika, chagua lingine. Ukijikuta umezunguka robo saa bila kukumbuka kwamba kuna hadithi inakusubiri, nusu ya kipimo imepita.

Mfano ninaoutumia ni Marvel's Spider-Man ya mwaka 2018, ya studio ya Insomniac, kwenye PlayStation 4. Unashika kitufe cha R2, utando unatoka na kunasa jengo, mwili unashuka kwa upinde na kupanda. Ukiachia chini, unarushwa mbele kwa kasi. Ukisubiri mpaka upande, unapata kimo lakini kasi inapungua. Hakuna kijana wangu aliyesoma hayo popote. Kidole kimejifunza chenyewe. Ukiingia Central Park minara inaisha, inabaki miti, unabembea chini chini na kujiona umepungua. Ukitoka upande wa pili na minara ikarudi, unasikia kifua kinafunguka. Na katika hayo yote hujakutana na adui hata mmoja.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika Spider-Man ya PlayStation ya kwanza, mwaka 2000, utando ulipanda juu ukashika hewa tu. Ulikuwa mchezo mzuri kwa wakati wake, lakini kubembea kulikuwa njia ya kuvuka tu. Mambo yaligeuka 2004, katika Spider-Man 2 ya studio ya Treyarch, ambapo mbunifu Jamie Fristrom alisukuma wazo kwamba utando lazima ushike jengo lenyewe. Penye jengo unabembea, pasipo jengo huna pa kushika. Kuanzia hapo mji wenyewe ukawa sehemu ya nguvu zako, na unajifunza kuusoma: barabara pana ni nzuri kwa kasi, majengo mafupi ni ya kuruka juu kwa miguu.

Alama nyingine ninayoitafuta ni njia ya mkato. Ule wa Spider-Man wa 2018 unayo: unachagua kituo kwenye ramani, unamwona Spider-Man amekaa ndani ya treni ya chini ya ardhi na vazi lake, kati ya abiria, na umefika. Vijana waliicheka mara ya kwanza, kisha wakaiacha. Njia ya mkato ipo, na mtu haitaki. Mchezo ukifika hapo, mimi sina maswali mengi tena.

Kinyume chake ni ule wa Superman uliotoka 1999 kwenye Nintendo 64. Mtu anayeruka kuliko wote aliwekwa kwenye ukungu mzito, akaambiwa apite ndani ya pete zinazoning'inia hewani, moja baada ya nyingine, huku saa inakimbia. Kuruka, jambo ambalo kila mtoto angelipa alifanye, likawa adhabu. Kwa hiyo ukiona mchezo unakuwekea pete, mistari na saa kabla hujafurahia kutembea tu, kuwa mwangalifu: huenda wenyewe walijua kwamba bila pete hizo hakuna kitu.

Zima sauti, tazama kidole gumba

Jirani yangu ana nganda, yaani baa, na spika zake zinaelekea kwangu. Ongeza kelele za wanaocheza mpira, hapo hakuna anayesikia mlio wa ngumi. Nimezoea kupima mapigano bila sauti, na nimeona ni kipimo kizuri kuliko nilivyodhani. Zima sauti ya televisheni. Je, bado unahisi uzito wa kipigo?

Watengenezaji wana mbinu zao. Ngumi ikifika, picha inasimama kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kiasi kwamba jicho halijui lakini mwili unajua. Kamera inasogea. Maneti inatetemeka mkononi. Adui anaanguka upande ule ngumi ilikoelekea, siyo upande wowote. Kimoja kikikosekana, unapata yule shujaa ambaye vijana wangu, wanaoniita Yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wao, husema juu yake: "Yaya, uyu iko na nguvu kwa mudomo tu."

Baada ya hapo, acha skrini, tazama kidole gumba cha anayecheza. Katika mchezo hafifu kinagonga kitufe cha mraba bila kupumzika, na mchezaji anashinda. Katika mchezo mzuri kinagonga, kinasimama, kinasubiri, kinahama. Ndiyo siri ya ile diski ya zamani niliyoitaja: Batman: Arkham Asylum, kazi ya Rocksteady ya London, mwaka 2009. Vitufe ni vinne tu. Mraba ni kupiga, pembetatu ni kumkamata anayekushambulia, duara ni kumchanganya kwa kapa, X ya kukwepa. Adui akitaka kupiga, alama inawaka juu ya kichwa chake, ndiyo maana hata kwenye kelele za Katuba unaweza kuucheza. Ukipiga kwa mpangilio bila kuguswa, hesabu ya vipigo inapanda. Ukipiga hovyo hewani, inakatika. Ukiwa umefungua uwezo huo, ikifika 8 unaruhusiwa kummaliza mmoja kwa mara moja, na baadaye, ukifungua nyongeza yake, inatosha kufika 5. Mtoto mwenye haraka anaanza kujizuia bila mtu kumwambia.

Na kuna kitu kimoja kidogo ninachokipenda sana. Kipigo cha mwisho cha kundi zima, picha inapunguza mwendo na kamera inasogea karibu. Bila neno lolote umejua kwamba hakuna aliyebaki amesimama. Mteja akiwa katikati ya kundi na nusu saa yake imekwisha, huwa ananiambia: "Ngoya kwanza, Yaya, nimalize aba!" Namwachia. Anangoja kipigo kile cha mwisho, ndipo anainuka. Mwenye PlayStation 4 aitafute diski iitwayo Batman: Return to Arkham ya mwaka 2016, ina Asylum na Arkham City pamoja.

Uliza nguvu inakatikia wapi

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea wanaponiuliza mchezo gani una shujaa mwenye nguvu zaidi. Mwenye nguvu zaidi anachosha haraka kuliko wote. Kama hakuna kinachoweza kumpata, vidole vyako havina kazi.

Kwa hiyo katika dakika kumi zinazofuata, tafuta kitu ambacho shujaa hawezi. Spider-Man hawezi kubembea pasipo na kitu cha kushika, tumeshaliona. Batman wa Arkham anaangusha watu kumi wasio na silaha, lakini wakishika bunduki risasi chache zinammaliza. Ndiyo maana vyumba vya bunduki vinabadilisha mchezo mzima: unapanda kwenye sanamu za mawe juu ya dari, unasubiri mmoja atengane na wenzake, unamning'iniza kichwa chini, unahama. Wenzake wakimkuta wanaanza kuogopa. Ukiwasha lile jicho la uchunguzi unaona mapigo ya mioyo yao yanapanda. Raha ya pale inatoka kwenye udhaifu wa Batman mbele ya risasi. Baadaye wanategesha mabomu kwenye zile sanamu, na mahali ulipozoea kujificha hapafai tena. Mtengenezaji anayejua kazi yake anakupa kitu, anakuacha ukizoee, kisha anakinyang'anya kidogo.

Lakini mchezo uliowagusa watu wa hapa kuliko yote kwa jambo hili ni Infamous, wa Sucker Punch, 2009, kwenye PlayStation 3. Shujaa anaitwa Cole MacGrath, nguvu yake ni umeme. Anaunyonya kutoka kwenye taa za barabarani, magari, masanduku ya umeme ukutani, na majeraha yake yanapona. Anateleza juu ya nyaya na reli za treni. Maji ni adui yake, akitumbukia kwenye kina amekwisha. Sasa sikiliza: unapoingia mtaa mpya mara nyingi unaukuta gizani. Hakuna taa inayowaka, kwa hiyo hakuna cha kunyonya. Inabidi ushuke kwenye mifereji chini ya ardhi ukarudishe umeme, na ukipanda juu mtaa umewaka.

Sihitaji kueleza kwa nini chumba kizima kilishangilia mara ya kwanza taa zile zilipowaka. Mtu aliyekulia na delestaji, ule mgao wa umeme, anajua kutembea usiku huku akitafuta nyumba yenye taa. Pale anafanya hivyo kama shujaa, na taa zikirudi ni yeye amezirudisha. Kuna kijana alikuwa akitembea katika mitaa yenye giza polepole, bila kupigana, akiweka akiba ya nguvu zake. Mchezo haukumwambia afanye hivyo. Hiyo ndiyo bei ninayoizungumzia: kizuizi kinachokufanya ufikiri kama yule shujaa mwenyewe.

Bei si lazima iwe damu ya shujaa. Superman Returns ya mwaka 2006 ilijaribu jambo la busara: Superman haumii, mstari wa uhai ni wa mji wa Metropolis. Majengo yakiharibika, mstari unapungua, na ukiisha umeshindwa. Mchezo wenyewe kwa ujumla haukunivutia, kazi zake zinajirudia mno, lakini wazo lile bado nalitetea. Ukiona shujaa asiyeweza kufa, uliza ni nini kingine kinaweza kupotea.

Je, vitufe vinamjua shujaa?

Hiki ni kipimo cha dakika mbili na kinachekesha. Jaribu kumfanya shujaa atende ubaya. Kwenye Marvel's Spider-Man, mpige jambazi mateke mpaka aanguke kutoka juu ya ghorofa. Utaona utando unamfuata wenyewe na kumgandisha ukutani, hai. Hakuna anayekusomea sheria kwamba Spider-Man haui. Mkono wake unafanya. Vilevile wapita njia: shuka barabarani utembee kwa miguu, wanakusalimia, wengine wanataka kugonganisha viganja nawe. Kijana mmoja alitumia nusu saa yake yote kusalimia watu, akalipa, akaenda.

Arkham Knight ya 2015 ilifikiria hata gari. Ukipita kwa kasi karibu na mtu, gari linamrusha kwa umeme asikanyagwe, na vifaru unavyopigana navyo havina mtu ndani. Nasema hivyo ingawa vita vya vifaru vilizidi mno katika mchezo ule, mpaka ukasahau kwamba uko na Batman.

Upande mwingine kuna Hulk. The Incredible Hulk: Ultimate Destruction ya Radical Entertainment, 2005, inakuruhusu kulikamata gari, kulipasua vipande viwili na kuvivaa mikononi kama glovu za ndondi. Kwa Batman lingekuwa kosa, kwa Hulk ndiyo haki yake. Usitafute adabu, tafuta kama kitendo kinamfaa mwenyewe. Shujaa ambaye ungeweza kumbadilisha jina na vazi bila mchezo kubadilika hana thamani ya pesa yako.

Mambo ya haraka, lakini yanauma mfuko

Fungua ukurasa wa uwezo mpya, usome mambo yanayokusubiri. Kama yameandikwa kwa asilimia, nguvu kidogo zaidi hapa, ulinzi kidogo zaidi pale, funga. Uwezo mpya unapaswa kukipa kidole kazi mpya. Infamous Second Son ya 2014 ilifanya vizuri: ukiwa na moshi unapenya kwenye matundu ya hewa na kutokea juu ya paa, ukipata neoni unapanda ukuta mbio. Gotham Knights ya 2022 ilienda njia nyingine, ya vifaa na madaraja, na jambazi wa kawaida wa mtaani anakula ngumi mpaka mchezaji anaona aibu kwa niaba ya shujaa.

Intaneti, je? Uliza kama mchezo unafunguka bila mtandao. Suicide Squad: Kill the Justice League, ya Rocksteady haohao, ilipotoka Februari 2024 ilidai muunganisho hata kwa mtu anayecheza peke yake. Marvel Rivals ni ya bure na ina wapenzi wengi, lakini bila mtandao haipo kabisa, na megabaiti zetu tunazijua. Marvel's Avengers ya 2020 iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni Septemba 2023, kwa hiyo mwenye diski ana kitu mkononi. Mimi naendelea na diski. Midnight Suns, ambayo mapigano yake ni ya kadi, na Guardians of the Galaxy yenye maneno mengi, sina ubaya nazo, ni nzuri nyumbani usiku, lakini nusu saa haitoshi kuzionja.

Mkiwa wawili, pima tofauti. Kwa watoto wadogo chukua LEGO Marvel Super Heroes ya 2013: skrini inagawanyika, mmoja akipotea mwingine anaendelea, na ugomvi ni wa kucheka tu. Kwa wakubwa nawawekea Injustice ya NetherRealm, ile ya 2013 au ya pili ya 2017. Nendeni kwenye uwanja wenye gari nyuma. Mmoja achukue Superman, mwingine Batman, mbonyeze kitufe kilekile karibu na gari lilelile. Superman analinyanyua na kulitupa, Batman analitumia kwa ujanja, kujirusha au kulitegesha. Kitufe kimoja, watu wawili tofauti: hapo mmejua kwamba mtengenezaji aliwaheshimu wote.

Watoto au wazee wanaoshindwa kubembea katika Marvel's Spider-Man 2 ya 2023, ingia kwenye mipangilio, kuna kipimo cha msaada wa uelekezaji kutoka 0 mpaka 10. Waachie 10. Wewe shusha kidogo kidogo, na ukiona umekuwa fundi washa maumivu ya kuanguka, yamezimwa mwanzoni. Mji utakuwa mwingine.

Kwenye diski ya mitumba, igeuze chini ya mwanga na uangalie kwanza karibu na tundu la katikati, kwa sababu ufa wa pale haupolishwi. Mikwaruzo midogo isikutishe. Iache isakinishwe yote, siyo mpaka ukurasa wa kwanza tu. Muuzaji atakuharakisha, wewe kaa. Chomoa intaneti, cheza mpaka mchezo uhifadhi mara ya kwanza, zima mashine kwa kitufe, siyo kwa kuchomoa waya, iwashe tena. Kama umeme wa mtaa wako unakatika hovyo, weka betri na inveta kabla ya mchezo wowote mrefu, maana ukikatika wakati ile alama ya kuhifadhi inazunguka, kazi yako inaweza kupotea. Ukirudi ndani na kumkuta shujaa pale ulipomwacha, juu ya paa lilelile, mpe muuzaji franga zake.